Seli shina kwa mnyama wako: zinatiwaje mwilini, na ufanye nini ukiwa Unguja au Pemba

Seli shina hazimezwi. Naanza na hilo kwa sababu Ramadhani iliyopita alinijia bi mkubwa mmoja wa Kikwajuni na kichupa chenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, alichokiagiza mtandaoni, akaniuliza anyunyize vijiko vingapi juu ya dagaa wa paka wake. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Karatasi ya chupa ilisema ni seli shina za paka, zinatibu ufizi, figo na nyonga, na chupa iwekwe mahali pakavu pasipopigwa na jua. Nikamwambia: bibi, seli ni kitu kilicho hai. Kitu kilicho hai hakikai mwaka mzima ndani ya unga juu ya kabati, na hata kingekaa, tindikali ya tumbo la paka ingekimaliza kabla hakijafika popote. Ulichonunua ni unga.

Nilifanya kazi miaka minane katika hospitali ya wanyama huko Ghuba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika: kushika paka, kushika mbwa, kushika taa na kisanduku cha baridi wakati daktari anafanya yake. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokuwa nikiwaeleza wenye wanyama wakiwa wamekaa kwenye viti vya kusubiria. Hutajifunza kupiga sindano hizi mwenyewe, na usijaribu. Utajua kinachofanywa na kwa mpangilio gani, ili siku ukikaa mbele ya daktari uulize maswali ya maana, na ukikaa mbele ya tapeli umjue kwa sentensi yake ya pili.

Zinafanya nini hasa

Seli zinazotumika kwa wanyama karibu zote ni za aina moja, huitwa seli shina za mesenkaima, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Zinapatikana katika mafuta ya mwili, katika uboho wa mifupa, na katika kamba ya kitovu cha mtoto anayezaliwa. Watu husikia neno "shina" wakadhani ukizitia gotini zitachipua gegedu jipya (ule mfupa laini wa kwenye viungo) kama mche wa mkarafuu. Haziendi hivyo. Nyingi hufa ndani ya siku au wiki chache, lakini kabla ya kufa hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kupunguza ukali wa kinga ya mwili. Kwa hiyo tarajia maumivu yapungue na mwendo uwe mwepesi. Goti jipya usilitarajie.

Ndiyo maana maradhi yaliyofanyiwa kazi ya kweli ni machache kuliko yanayotajwa kwenye matangazo. Farasi ndio waliotangulia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Royal Veterinary College, London, walianza kuchukua uboho wa farasi wa mbio, kukuza seli zake maabara, na kumrudishia mwenyewe ndani ya kano iliyochanika ya mguu wa mbele. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa mbili za seli shina kwa ajili ya viungo vya farasi, Arti-Cell Forte na HorStem. Mwaka 2022 ikafuata DogStem, ya mbwa wenye kusagika kwa nyonga au kiwiko, nayo imetengenezwa kwa seli za kitovu cha farasi. Ndiyo, seli za farasi ndani ya mbwa; umesoma sawasawa.

Kwa paka, kazi inayojulikana zaidi ni ya Chuo Kikuu cha California, Davis, iliyotoka mwaka 2016. Paka saba wenye uvimbe mkali wa ufizi, ambao hata kung'olewa meno hakukuwaponya, walitiwa seli zao wenyewe mshipani mara mbili, kila mara seli milioni 20. Watano kati ya saba walipata nafuu kubwa au wakapona. Ni paka saba tu, lakini hao walikuwa wameshindikana kwa tiba ya kawaida.

Figo ni habari nyingine. Huko Colorado, Marekani, watafiti walijaribu kwa bidii kuwatibu paka wenye ugonjwa sugu wa figo. Baadhi ya waliopewa dozi kubwa ya seli zilizogandishwa walitapika na kuhema kwa kasi wakati wa kutiwa, na walipolinganishwa na paka wasiopewa, figo hazikuonyesha tofauti ya maana. Anayekuuzia seli shina za figo ya paka leo, muulize kwanza habari hiyo.

Hatua ya 1: jua mnyama anaumwa nini

Punda anayechechemea, kabla hujafikiria kiungo, inua kwato. Nimeona punda wa gari aliyesemwa ana "ugonjwa wa mifupa" miezi mitatu, na tatizo lilikuwa msumari wa inchi moja na nusu uliozama karibu na chura wa kwato (ile sehemu laini katikati ya wayo), usaha umejaa nyuma yake. Usaha ulipotoka alikanyaga chini siku ile ile. Seli shina zingemfanya nini huyo? Zingemuua, pengine, maana kutia seli mahali penye vijidudu ni kuviongezea nafasi.

Daktari anayejua kazi yake atadai picha ya eksirei ya kiungo, kipimo cha damu, na kumpapasa mnyama mwili mzima. Anatafuta sababu za kukataa. Mnyama mwenye saratani hatiwi, kwa hofu ya kuulisha uvimbe. Mwenye homa au kiungo kilichoingia vijidudu hatiwi. Mwenye mimba hatiwi. Mbwa aliyekatika kano ya ndani ya goti hufanyiwa upasuaji kwanza. Mlango uliotoka bawaba huupaki rangi.

Paka wa ufizi utamjua kwa mlo wake. Anakuja mbio akisikia sahani, anatia tonge moja mdomoni, anapiga yowe na kukimbia kana kwamba sahani ndiyo iliyomuuma. Mate yanadondoka, manyoya yamekuwa machafu kwa sababu hajilambi tena. Huyo dawa yake ya kwanza ni kung'olewa meno ya magego, wakati mwingine meno yote, na zaidi ya nusu ya paka hupata nafuu kwa hilo peke yake. Seli ni za wale waliobaki.

Na wakati unasubiri miadi, usimpe paka panadoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa kama matope, uso unavimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziache kwenye droo ya dawa zako.

Hatua ya 2: seli za nani?

Chanzo cha kwanza ni mnyama mwenyewe. Mbwa hulazwa nusukaputi, akakatwa kidogo nyuma ya bega, kinenani au tumboni, yakatolewa mafuta kiasi cha konzi moja. Mafuta hukatwakatwa, hutiwa kimeng'enya, yaani kemikali ya mwilini inayoyeyusha nyuzi zake, kisha huzungushwa kwenye mashine mpaka seli zishuke chini. Hapo zipo njia mbili. Ya haraka ni kurudisha mchanganyiko huo siku ile ile, baada ya saa chache. Ubaya wake ni kuwa seli shina zenyewe humo ni chache, zimechanganyika na seli nyingine nyingi. Ya pili ni kupeleka maabara zikuzwe wiki mbili au tatu mpaka zifike mamilioni. Kwa farasi na punda mafuta hutolewa pembeni mwa shina la mkia, au uboho huvutwa katika mfupa wa kifua kwa sindano nene.

Paka ana shida yake. Paka wa Darajani aliyekonda hana mafuta ya kumpa mtu.

Chanzo cha pili ni mnyama mwingine wa aina hiyo hiyo, au wa aina nyingine kama nilivyosema. Hakuna upasuaji, seli ziko tayari zimepimwa, ila mwili unaweza kuzitambua kuwa ni za kigeni, na kiungo kinachotiwa mara ya pili huenda kikavimba zaidi ya mara ya kwanza. Pale Davis walipojaribu seli za paka wengine kwa paka saba wapya, wanne ndio walioitikia.

Hapa kuna jambo ambalo mteja wa Kizungu hakuwahi kuniuliza, na wa kwetu huliuliza katika dakika ya tano: je, ndani mna nguruwe? Swali ni la haki. Maabara nyingi hukuza seli ndani ya majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, na kuzibandua kwenye kisahani kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho mara nyingi hutoka katika kongosho la nguruwe, kisha huzisuuza. Vipo pia vimeng'enya visivyotoka kwa mnyama yeyote, na baadhi ya maabara huvitumia. Mimi si mufti. Waulize maabara wakuandikie wametumia kipi, na barua hiyo umpelekee shekhe wako akiwa na habari kamili, badala ya kumwuliza kwa kukisia.

Hatua ya 3: baridi na safari

Hapa ndipo mpango wa kisiwani hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Seli husafiri kwa hali mbili. Zilizogandishwa hukaa ndani ya nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, katika mtungi unaofanana na debe la maziwa. Zikishayeyushwa zina muda mfupi sana, na hazirudishwi kwenye barafu. Zile mbichi husafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 8, ndani ya kisanduku chenye mifuko ya baridi iliyofungwa kitambaa isiguse chupa, na kwa kawaida zinatakiwa ziwe ndani ya mnyama ndani ya siku moja au mbili. Kila saa inayopita zinakufa kiasi.

Sasa pigia hesabu safari: maabara hadi uwanja wa ndege, forodha, Dar es Salaam, boti kwa saa mbili hadi Malindi, na kama mnyama yuko Wete, ongeza siku nzima. Niliwahi kutuma chanjo ya paka kwenda Pemba. Kijana mmoja wa bandarini, kwa wema wake kabisa, aliona kisanduku kimeandikwa "baridi" akakitia kwenye friza ya samaki asije akalaumiwa. Chanjo ilifika imeganda kama jiwe, pembeni ina magamba ya changu. Seli mbichi zikigandishwa hivyo hupasuka zote, na kwa jicho huoni tofauti yoyote.

Na umeme. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka mwaka 2008, Unguja karibu mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, kwa sababu ya waya unaotoka Bara kupita chini ya bahari hadi Fumba. Pemba wamepata waya wao kutoka Tanga mwaka 2010. Hali ni bora sana sasa, lakini sehemu yoyote inayodai kuhifadhi seli iulize: umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, zinakaa wapi? Jibu zuri ni nitrojeni, kwa kuwa mtungi wake hauhitaji umeme. Unahitaji kujazwa tu. Jibu "tuna friji" lakutosha kukuondoa kitini.

Zaidi ya hayo seli za mnyama ni kitu cha mwili kinachovuka mpaka, kwa hiyo kibali cha mamlaka ya mifugo kinaombwa kabla, si baada ya kisanduku kukaa forodhani. Kwa wengi wetu ni rahisi zaidi kumsafirisha mnyama kuzifuata seli kuliko kuzileta seli. Kwa punda hata hilo halipo.

Hatua ya 4: asubuhi ya siku yenyewe

Paka na mbwa wasile kwa muda wa saa nane kabla, maana watalazwa. Maji waachiwe mpaka daktari atakaposema. Punda na farasi wana utaratibu wao, fuata utakaloambiwa. Mpime uzito kwa mzani wa kweli, maana dawa ya usingizi hupigwa kwa kilo. Paka unaweza kupanda naye mzani wa bafuni kisha ukatoa uzito wako.

Paka mlete ndani ya kapu lenye mfuniko, na uje na kanga yake anayoilalia. Kanga hiyo ni chombo cha kazi. Unaitandaza mezani, unamlaza paka katikati, upindo wa kushoto unavuka mgongo na kuingia chini ya tumbo, wa kulia unafuata, wa nyuma unafungia miguu, kichwa kinabaki nje. Mguu unaotakiwa unatolewa peke yake kama mtoto anayetoa mkono kwenye shuka. Nimewashika paka mamia. Waliofungwa kanga yenye harufu ya nyumbani hawakuniuma hata mara moja, na waliofungwa taulo la hospitali wameniachia alama nilizo nazo mpaka leo. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali ya watu.

Hatua ya 5: njia za kutia

*Kiungoni.* Hii ndiyo njia kuu kwa nyonga, goti na kiwiko kilichosagika. Mnyama akishalala, manyoya hunyolewa upana wa kiganja, ngozi husuguliwa kwa dawa ya klorheksidini mara tatu kutoka katikati kwenda nje, na daktari huvaa glavu safi za upasuaji. Akikugusia kiungo kwa glavu aliyofungulia mlango, mzuie. Kiungo kikiingia vijidudu ni balaa kubwa kuliko maradhi uliyokuja nayo.

Sindano huingia kwanza ikiwa tupu. Daktari anavuta ute wa kiungo na kuutazama. Yule wangu alikuwa na desturi ya kudondosha tone moja kwenye kidole gumba cha glavu, akaligusa kwa kidole cha shahada na kuvivuta vidole polepole. Ute mzima unavutika uzi mrefu kama ute wa yai, mweupe wa kupenyeza mwanga au wa njano kidogo. Ute wa kiungo kilichochoka unakatika mapema kama maji. Ukiwa na ukungu au usaha, kazi inasimama hapo hapo, ute unapelekwa kupimwa, na seli hazitiwi.

Ukiwa safi, baadhi ya ute huondolewa kupisha nafasi, sindano inabaki mahali pake, na bomba tupu linabadilishwa na bomba la seli. Angalia bomba hilo. Seli ni nzito kuliko maji yake, hivyo likilala dakika chache linajitenga kama tui lililokaa: uzito chini, maji juu. Linageuzwa juu chini taratibu mpaka lichanganyike tena. Halitikiswi. Kutikisa, kutumia sindano nyembamba mno, au kusukuma kwa nguvu, vyote huziumiza seli. Husukumwa polepole, na kidole kikihisi ukinzani maana yake ncha imetoka kwenye uwazi wa kiungo. Baada ya hapo sindano hutolewa, pamba hubanwa, na mguu hukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa ili kilichoingia kienee.

Kiasi chenyewe ni kidogo, mililita moja au zaidi kidogo. Wenye wanyama hushangaa: pesa yote ile kwa kijiko cha maji?

*Ndani ya kano.* Hii ni ya farasi, na punda anaweza kufanyiwa kwa njia hiyo hiyo. Haitafutwi kwa kupapasa. Mashine ya ultrasaundi huonyesha shimo jeusi katikati ya nyuzi za kano, na sindano huongozwa mpaka ndani ya shimo lile mnyama akiwa amesimama, amepewa dawa ya kumtuliza na ganzi mguuni. Hufanywa wiki chache baada ya kuumia, uvimbe wa kwanza ukishapungua na kovu bado halijakomaa.

*Mshipani.* Kwa ugonjwa ulioenea au wa kinga ya mwili, kama ufizi wa paka. Kanula, kile kibomba chembamba cha dripu, huwekwa mguu wa mbele, seli huchanganywa na maji ya chumvi ya dripu, hupitishwa kwenye chujio la kukamata mabonge, na huingia taratibu kwa muda unaoweza kufika nusu saa au zaidi.

Kisichosemwa kwenye matangazo ni kuwa damu ya mshipa hupita mapafuni kwanza. Seli hizi ni kubwa, mara mbili au zaidi ya chembe nyekundu ya damu, na mishipa ya mapafu ni myembamba, kwa hiyo nyingi hunasa huko huko. "Zitajitafutia zenyewe mahali penye ugonjwa" ni maneno matamu. Inaaminika sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwa kemikali zinazotoka zikiwa zimenasa mapafuni. Hii ndiyo sababu ya kwenda polepole, na sababu ya mtu mmoja kukaa akihesabu pumzi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Paka aliyetulia huvuta pumzi 20 hadi 30 kwa dakika. Zikipita 40, au akifungua mdomo kuhema, au akianza kujilamba midomo kama anayetaka kutapika, dripu inafungwa na daktari anaitwa.

Seli zilizotoka kwenye nitrojeni huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37, dakika moja au mbili, mpaka kibaki kipande cha barafu kama punje ya mchele. Zina dawa ya kuzikinga barafu isizipasue, na dawa hiyo ina kichekesho chake: paka akishatiwa, pumzi yake hunuka kama kitunguu thomu. Usishtuke, huisha.

*Kando ya kidonda na chini ya ngozi.* Seli huzungushwa kwa vichomo vidogo pembeni ya kidonda kisichofunga, au karibu na tezi ya machozi kwa mbwa mwenye macho makavu. Ni rahisi zaidi kufanya kuliko kiungo, na ushahidi wake bado ni mwembamba.

*Kwenye uti wa mgongo.* Hufanywa kwa mbwa waliopooza, mikononi mwa mabingwa wachache. Kama aliyekupa pendekezo hili hana mashine ya kupumulia chumbani, shukuru na uondoke.

Hatua ya 6: nyumbani

Kiungo kilichotiwa huvimba na kuuma kidogo siku ya kwanza hadi ya tatu. Hilo limo katika mpango. Kisichokuwamo ni mguu unaozidi kuvimba baada ya siku ya tatu, joto la kuunguza kiganja, mnyama asiyeukanyaga kabisa, au kukataa chakula siku nzima. Hapo hungoji asubuhi.

Usimpe dawa yoyote ya maumivu kwa uamuzi wako. Madaktari wengi husimamisha dawa za kupunguza uvimbe, hasa steroidi, siku kadhaa kabla na baada, wakihofu zitazuia kazi ya seli. Usimwogeshe mpaka tundu lifunge. Mbwa atembezwe kwa kamba wiki mbili, asikimbie. Hili ni gumu kwa mbwa wa wasasi wa kusini ya Unguja, aliyezoea kuingia msituni kumfukuza nguruwe. Ukimfungulia wiki ya kwanza umetupa pesa yako kichakani.

Farasi wa kano hupumzishwa na kurudishwa kazini kwa hatua, dakika chache za kutembea kila siku zikiongezeka, karibu mwaka mzima. Fikiria sasa mwenye gari la punda anayelisha nyumba kwa mnyama mmoja. Ukimwambia mwaka mzima, atakusikiliza kwa adabu na kesho utamkuta Mwanakwerekwe amepakia mchanga. Heri useme ukweli huo kabla ya sindano.

Nafuu, kama ipo, huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi nane. Na jicho la mwenye mnyama hupenda kuona nafuu, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Mpige video kila Ijumaa, uchochoro ule ule, saa ile ile, kabla ya tiba na baada yake. Kwa paka tumia kibaraza: anaruka moja kwa moja, anaweka miguu ya mbele kwanza akajivuta, au anakaa chini akikutazama umnyanyue? Andika neno moja kila wiki. Baada ya miezi miwili mwonyeshe video mtu asiyejua ipi ni ya mwanzo.

Kama haziko ndani ya uwezo wako

Marekani, tiba moja ya mbwa kwa seli zake mwenyewe kwa kawaida hupita dola 2,000, na hujaweka nauli. Wengi wetu tutaishia kusema hapana, na wala si vibaya, kwa sababu mambo yanayosaidia kiungo kilichochoka mengine yapo hapa hapa. La kwanza ni uzito: paka mnene wa kilo saba akishuka mpaka tano, nyonga inapumua. La pili ni meloksikamu, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kwa dozi ya daktari tu, na kwa paka dozi hiyo ni ndogo sana. Zipo pia sindano za chembe sahani (zile chembe zinazogandisha damu) za damu ya mnyama mwenyewe, zinazotengenezwa kwa mashine ndogo ya kuzungusha damu. Baadhi ya wauzaji huziita seli shina, na sizo, lakini kwa kiungo si kitu cha kudharau.

Bi mkubwa wa Kikwajuni alikubali paka ang'olewe magego. Wiki ya tatu alinitumia picha: sahani nyeupe, imelambwa mpaka inang'aa.

Kwa punda, kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane, kwa sababu kwato ndefu hupindisha kiungo kila hatua. Mti wa gari ulio begani uvishwe gunia lililoshonwa mara mbili, lililojazwa makumbi yaliyochambuliwa, na gunia lifuliwe kila Ijumaa chumvi ya jasho itoke. Mzigo upangwe juu ya ekseli, usilemee mbele. Na kama gari lina magurudumu mawili, kagua upepo wa matairi kabla hujamfunga: upande mmoja ukiwa laini, bega la upande huo ndilo linalolipa.